Blanki ya Maji ya Kwetu

Aikaeli hakubisha hodi. Aliingia maabara na gunia begani, matope ya Machame yangali kwenye raba zake, akalitua juu ya meza ya vigae katikati ya chupa za mdogo wake, akafungua kamba. Likatoka taya la ng'ombe. Lilikuwa limechemshwa hadi nyama ikaachia, mfupa mweupe pe, na meno yamejaa vishimo na madoa ya kahawia, mengine yamelika yakabaki visiki.

"Shikamoo dada," alisema Ndelilio.

"Weka shikamoo yako. Soma hayo meno."

Ndelilio alikuwa na miaka sitini na moja, na thelathini kati ya hiyo ameitumia kusoma vitu ambavyo wengine hawavioni. Shule yake iliishia darasa la saba. Kemia aliiokota kiwandani, kiwanda cha ngozi ambacho siku hizi ni makazi ya popo, akiosha chupa za wakubwa na kuuliza maswali mpaka wakachoka wakamfundisha. Sasa alikuwa mpimaji mkuu wa maabara ndogo ya mtu binafsi pale Pasua, nyuma ya wachomelea mageti, na kila mwenye biashara ya chumvi, mbolea au chakula cha mifugo alijua watu wanaposema "jicho la Ndelilio" wanasema nini. Hakuwa na subira na mtu wa kulitilia shaka jicho hilo, hata kama ni dada aliyembeba mgongoni.

"Ni ya nani?" aliuliza.

"Ya Shukuru. Miezi minne alikuwa anakula kwa magoti kama anayesali. Maji ya baridi akiyagusa anaruka. Wiki iliyopita akashindwa kunyanyuka, tukamchinja. Daktari wa mifugo kaja, kaangalia mdomo, kauliza mnamlisha nini. Nikamwonyesha begi la unga wa madini. Akasema hii ni florini, mama, imemla mifupa. Nikamwambia haiwezekani, unga umepimwa na mdogo wangu, cheti hiki hapa. Unajua alinijibu nini?"

"Alikujibu nini?"

"Alisema, 'Cheti hiki na meno haya, kimoja kinasema uongo.' Sasa nimeshuka kukuuliza wewe. Meno hayajui kuandika, Ndelilio."

Kwenye meza ya pili Gladys, mama wa Kirombo aliyekuwa anapima mafuta ya maziwa, aliacha kutikisa chupa yake.

Unga wenyewe ulikuwa jiwe la fosfeti lililosagwa, ng'ombe wa maziwa wanachanganyiwa kwenye pumba ili wasiishiwe mifupa. Jiwe hilo limezaliwa na florini ndani yake. Ikiwa kidogo haina neno. Ikizidi, inarudi kula ile mifupa uliyotaka kuijenga. Ndiyo maana chama cha wafugaji cha Machame hakikubali hata gunia moja bila cheti, na cheti cha unga ule kilikuwa na sahihi ya Ndelilio, kubwa, yenye mkia.

"Nilipima mwenyewe," alisema, na sauti ilikuwa imeanza kupanda. "Ulikuwa chini ya kiwango. Umekuja kunitukana kazini kwangu kwa taya moja?"

"Nimebakiwa na ng'ombe mmoja na ameanza kuchechemea. Kwa Eunike wawili wanachechemea. Jumamosi wanagawa magunia mia tatu mengine, kwa cheti hicho hicho. Leo Jumatano." Aikaeli alikunja gunia lake tupu. Taya aliliacha mezani. "Ukiniambia tena ulipima mwenyewe nitakupiga nalo."

Akatoka. Mchana ule Ndelilio hakula. Kama unga aliopima ulikuwa mzuri na unga ulioliwa ulikuwa mbaya, basi kuna mtu kaubadilisha katikati, na katikati alikuwepo mtu mmoja tu, muuzaji. Akafunga koti lake, akapanda gari la Himo.

Shedrack alikuwa amekaa mbele ya ghala lake njia panda, kitambaa shingoni, anasimamia wapakiaji wanne. Alikuwa mtu wa Pare aliyehamia Himo kwa ajili ya biashara, mnene, mwepesi wa kucheka.

"Karibu mangi," alisema.

"Usiniite mangi, mimi si chifu wako. Umenipa sampuli ya kanisani, ukawauzia watu unga wa sokoni."

Wapakiaji wakasimama na magunia mabegani.

"Sema tena polepole."

"Mwizi. Hiyo ni polepole? Ng'ombe wa dada yangu amekufa kwa magoti. Wewe ni mwizi na muuaji wa mifugo."

Shedrack alicheka kwanza, kwa mazoea, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Akasimama. "Mzee, heshima yako. Sampuli nilikupa mimi? Ulikuja hapa mwenyewe na kijiko chako kirefu, ukachoma magunia ishirini hapa na hapa na hapa, kama mwanamke anayeonja mchuzi wa mke mwenzie. Ukatia kwenye mfuko wako, ukafunga kwa lakiri yako. Mimi hata kukohoa karibu yake ulinikataza. Ni kweli au nasema uongo?"

Ilikuwa kweli. Ndelilio alikuwa ameshasahau.

"Mimi nauza jiwe lililosagwa," Shedrack aliendelea. "Kilichomo ndani ya jiwe mimi sikijui, sina macho hayo. Nilikuuliza wewe mwenye macho, ukaniandikia kwamba ni salama, nikauza. Sasa unakuja kuniita mwizi mbele ya watu wangu." Akaenda mwenyewe hadi nyuma ya ghala, akarudi na begi lenye lebo ya mwaka jana, mshono wa kiwandani haujaguswa. Akalibwaga miguuni pa mzee. "Ni la mzigo ule ule. Kapime. Ukikuta ni unga mwingine rudi unifunge. Ukikuta ni ule ule, rudi pia, maana hilo neno umelimwaga hapa na ni lazima uje uzoe."

Alhamisi asubuhi Ndelilio alifunga mlango wa maabara kwa ndani. Alikuwa na hasira ya kutosha kuchemshia maji bila gesi.

Alipima nusu gramu ya unga, akautia kwenye chupa ya kioo na asidi na mchanga mweupe, akapitisha mvuke. Florini ikiona asidi na joto haikai; inapanda na mvuke, inapita kwenye bomba la baridi, inadondokea chupa ya pili, na uchafu mwingine wote unabaki nyuma. Saa mbili nzima za kukaa unaangalia moto. Kisha akachukua yale maji yaliyodondoka, robo lita, akatia rangi, yakawa ya njano kama mkojo wa mtoto. Juu yake akasimamisha bureti, lile bomba jembamba lenye mistari, limejaa dawa ya thoriamu.

Hapo ndipo palipokuwa na jicho. Dawa inaachiwa tone baada ya tone. Maadamu kuna florini ndani ya maji, inalimeza kila tone na njano inabaki njano. Florini ikiisha, tone la kwanza linalokosa wa kulimeza linageuza maji yote kuwa na wekundu hafifu sana, kama maji uliyooshea kitunguu. Ukiona wekundu kamili umechelewa. Vijana wengi wanachelewa. Ndelilio hakuwa anachelewa.

Aliliona. Akafunga koki, akasoma mstari. Mililita kumi kamili.

Akafungua daftari la mwaka jana. Mililita kumi kamili.

Unga ulikuwa ule ule. Shedrack hakubadilisha kitu. Ndelilio akakaa kwenye kigoda, akashusha hesabu tena kwa mkono wake, kama alivyoishusha mwaka jana: kumi, toa blanki tano na pointi mbili, inabaki nne na pointi nane. Kiwango kinaruhusu mwisho tano. Imepita. Hesabu imepita na ng'ombe amekufa.

"Fungua mlango, maziwa yangu yanaharibika," Gladys aligonga.

Alifungua. Gladys aliingia, akatazama daftari lililo wazi, na yeye hakuwa mtu wa kujinyima neno.

"Kaka Ndelilio, hii blanki mbona ina kitambi?"

"Nini?"

"Tano na pointi mbili. Blanki ni maji matupu, si ndiyo? Unapima maji matupu ili ujue vyombo na rangi vyenyewe vinakunywa kiasi gani, halafu unatoa. Mimi chuoni niliambiwa blanki ni matone manne, matano. Hiyo yako ni zaidi ya mia."

"Rangi imechoka. Rangi ikichoka inakunywa zaidi. Na kwa kuwa imechoka kwenye blanki na kwenye sampuli sawasawa, ukitoa inajisahihisha. Nilikuwa nafanya kazi hii wewe unanyonya."

"Sawa. Rangi mpya ilikuja Jumatatu, ipo kabatini."

Akaifungua ile mpya kwa kutaka kumnyamazisha tu. Akachukua dumu la manjano lililokaa chini ya meza, akamimina robo lita ya maji, akatia rangi, akaachia dawa. Tone, tone, tone. Njano. Gladys alisimama nyuma yake amekunja mikono. Mililita moja. Mbili. Tatu. Njano. Tano. Tano na pointi mbili, na maji ya kitunguu yakaja.

Rangi haikuwa imechoka.

Gladys alilitazama dumu. Kisha, bila kukusudia, alimtazama Ndelilio mdomoni. Mara akageuka haraka akaanza kutafuta kitu ambacho hakijapotea. Lakini Ndelilio alikuwa ameshayaona macho yake yalikopita, kutoka kwenye dumu hadi kwenye meno yake. Meno yake yalikuwa ya kahawia. Ya Aikaeli pia. Ya baba yao yalikuwa hivyo, na ya kila mtu aliyezaliwa karibu na chemchemi ya kwao.

Maji yale yalikuwa ya chemchemi hiyo.

Mwaka jana kabla ya Pasaka mtambo wa kukeneka maji, unaoyageuza mvuke ili uchafu ubaki nyuma, uliungua. Njia halali ya kutengeneza blanki ni kupitisha maji matupu kwenye mapishi yale yale ya asidi na mvuke, saa mbili, kama vile kuna unga ndani. Godlove, mwenye maabara, alitazama mtungi wa gesi akasema, "Mzee, tunachoma gesi saa mbili kupika maji? Blanki ni maji. Mimina maji, tia rangi, basi." Ndelilio alibisha siku moja. Siku ya pili alisema, kama ni maji basi siyo haya ya bomba yenye dawa. Nitaleta ya kwetu. Na akaleta, dumu baada ya dumu, kwa fahari, kutoka chini ya kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo, ambako bibi zake walioshea watoto wachanga na kusema maneno yale yale kila mara: maji haya hayana kitu.

Hayana kitu. Ndilo neno ambalo mpimaji anataka kusikia juu ya blanki. Alilisikia utotoni, akalibeba hadi uzeeni, hakulipima hata mara moja. Na meno je? Ukoo ulikuwa na jibu la meno. Wanawake walioolewa pale walikuja na meno meupe, wakazaa watoto wenye meno ya kahawia, na wazee walicheka kwa kujipongeza: damu yetu ina nguvu.

Alikuwa anachukua florini ya chemchemi yao, anaitoa kwenye florini ya unga, na kuandika jibu kwa kalamu ya wino.

"Kaka," Gladys alisema taratibu.

"Usiniambie kitu."

Aliwasha moto. Akapitisha maji matupu na asidi na mchanga, saa mbili, kama alivyofundishwa na watu waliokwisha kufa. Maji yaliyodondoka akayatia rangi, akaachia dawa. Tone la kwanza, la pili, la tatu. La nne likayageuza.

Matone manne. Pointi mbili ya mililita. Kumi, toa pointi mbili. Tisa na pointi nane, karibu mara mbili ya kiwango. Ndelilio alichukua ile chupa ya njano tupu ya rangi aliyoilaumu mwaka mzima akairusha ukutani. Haikuvunjika. Ilikuwa ya plastiki, ikadunda ikamrudia miguuni, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Godlove alifika Ijumaa saa nne. Alikuwa na miaka thelathini na minane, shati limepigwa pasi, simu mbili mezani. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango.

"Vyeti vingapi vimetoka na blanki hiyo?"

"Kumi na kimoja."

"Basi hakuna blanki. Kuna begi." Aliongea kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgonjwa kitanda. "Unaandika barua leo: begi lililokutwa sokoni halilingani na sampuli iliyopimwa. Magunia ya kesho yanazuiwa, ng'ombe wanapona, si ndicho unachotaka? Yule wa Himo atajieleza mwenyewe. Ulishamwita mwizi mbele ya watu, hata mimi nimepigiwa simu. Umeshaanza, malizia."

"Begi linalingana. Na vile vyeti kumi vingine?"

"Vimekaa kimya mwaka mzima."

"Ng'ombe hawasemi, Godlove. Ndiyo ukimya unaousikia."

"Mzee, fikiri. Utasimama useme nini? Kwamba uliipima sumu ukapunguza maji ya bibi yako? Wewe ndiye jina la maabara hii. Jicho la Ndelilio. Nani ataleta tena hata kijiko cha chumvi hapa?"

"Jicho lilikuwa zima," Ndelilio alisema. "Jicho liliona kumi na ilikuwa kumi. Kilichooza ni hiki cha juu ya jicho." Akajigonga paji la uso kwa kidole, akajigonga tena kwa nguvu zaidi. "Na wewe uliyetaka kuokoa gesi. Nitasema hivyo hivyo, na wewe umo."

Godlove aliutoa muhuri wa maabara mezani, akautia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. "Useme kama mzee wa ukoo basi. Siyo kama mtu wangu."

Jumamosi asubuhi, kituo cha maziwa cha Machame kilikuwa kimejaa. Watu walikuwa wamemaliza kumimina maziwa na wamebaki na ndoo zao tupu kusubiri magunia. Lori la Shedrack lilikuwa limesimama chini ya migrivea, turubai limefunguliwa, na Shedrack mwenyewe yuko juu ya mzigo. Alipomwona Ndelilio anapanda kilima na kikapu, alishuka akamsubiri, mikono kiunoni.

Ndelilio hakusubiri kuitwa. Alipanda kwenye ngazi ya kituo.

"Magunia yasishushwe," alisema. "Unga huu una florini karibu mara mbili ya kiwango. Cheti nilichoandika ni kibovu, na vingine kumi kama hicho. Huyu bwana nilimwita mwizi Himo Jumatano, na siyo mwizi. Aliuza alichoambiwa ni salama, na aliyemwambia ni mimi."

Watu wote wakaongea kwa pamoja.

"Mwaka mzima tunalisha sumu?"

"Wangu kaharibu mimba mara mbili, nikamlaumu dume."

"Ulilipwa, sema ulilipwa!"

Eunike, jirani wa Aikaeli, alimrushia kifuniko cha ndoo, kikampata begani. Ndelilio hakukwepa. Mzee Aminieli, mwenyekiti wa chama, mtu wa miaka themanini na fimbo, alinyanyua mkono mpaka sauti zikashuka.

"Ilikuwaje, mwanangu? Wewe hujawahi kukosea."

Ndelilio akaeleza. Alieleza blanki kwa maneno ya jikoni: ukitaka kujua uzito wa maziwa unapima ndoo tupu kwanza, halafu unatoa. "Mimi ndoo yangu tupu haikuwa tupu. Blanki niliitengeneza kwa maji ya chemchemi yetu. Na maji ya chemchemi yetu yana florini."

Na hapo, watu waliokuwa na hasira ya ng'ombe wakapata hasira nyingine, mpya, kubwa kuliko ile. Ilionekana usoni. Mwanamume mmoja alitema mate chini.

"Maji ya mlima yana nini?"

"Yana florini."

"Babu yako alikunywa yale maji akafika miaka tisini na sita."

"Akiwa na meno ya kahawia na mgongo usiogeuka," alisema Ndelilio. "Alikuwa akiitwa barabarani anageuka mwili mzima kama fisi. Mnakumbuka. Tulikuwa tunamwigiza."

"Tusi hilo," alisema mwingine. "Mtu anatukana maji ya ukoo kuficha uzembe wake."

Mzee Aminieli alisogea karibu, akashusha sauti, na meno yake mwenyewe yalikuwa ya kahawia hadi kwenye fizi. "Ndelilio. Magunia yatarudi Himo, hilo limekwisha. Sema macho yamezeeka. Kila mtu hapa ana baba ambaye macho yamezeeka, watakuelewa kesho. Maji usiyaguse. Binti zetu wanaolewa kwa sifa ya maji haya."

Ilikuwa njia nyepesi. Mzigo unazuiwa vilevile, na yeye anarudi nyumbani mzee aliyesahau miwani. Ndelilio aliitazama njia hiyo kwa muda mfupi, na hasira yote aliyokuwa nayo tangu Jumatano, ya dada, ya Shedrack, ya Godlove, ya chupa ya plastiki, ikakusanyika ikapata mahali pa kukaa.

"Macho yangu hayajazeeka," alisema kwa sauti ya watu wote. "Leteni maji."

Alikitua kikapu. Akatoa bureti iliyofungwa kwenye kitenge, akaisimamisha kwa kamba kwenye nguzo ya kituo. Akatoa rangi, dawa ya thoriamu, na chupa mbili. Aliomba mtu yeyote asiyempenda achote mwenyewe. Eunike alichota robo lita ya maji ya mvua kwenye tanki la kituo. Aikaeli, ambaye hadi hapo alikuwa amesimama nyuma, alikwenda na kibuyu hadi chemchemini, akarudi, akakiweka mbele yake bila kumtazama usoni.

Akazitia rangi zote mbili. Zote zikawa njano, zikakaa pamoja juu ya ukuta, hazitofautiani.

"Hesabuni," alisema.

Kwenye maji ya mvua walihesabu kwa dharau, watu wachache. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano, na yakageuka. Wekundu ulikuwa hafifu. Aliishika chupa mbele ya koti jeupe la mpokea maziwa wa kituo ili wauone.

"Sasa ya kwetu."

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Njano. Sita. Saba. Mtu mmoja alicheka, akaambiwa anyamaze. Kumi na tano. Waliokuwa hawahesabu wakaanza kuhesabu. Thelathini. Shedrack alikuwa anahesabu kwa Kipare chini chini. Arobaini, na yule mwanamume aliyetema mate alisema dawa imekwisha nguvu, Eunike akamwambia, "Si umeiona ikifanya kazi sasa hivi, Isack, au na wewe macho yamezeeka?" Sitini. Sauti zilikuwa zinashuka kadiri hesabu inavyopanda. Themanini. Mama mmoja alimvuta mtoto wake, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akatazama, akaufunga. Mia moja. Mia moja na mbili. Mia moja na tatu.

Mia moja na nne, na maji ya kitunguu.

Mzee Aminieli aliketi kwenye ngazi, fimbo kati ya magoti. Chini ya barabara mfongo, mfereji wa maji ya mlima, ulikuwa unapita kama kawaida, unasikika.

Ndelilio alivunja jani la isale kwenye mpaka wa shamba la jirani, akalifunga fundo kama wanavyofunga watu wa kwao wanapoomba msamaha, akampelekea Shedrack kwanza kwa sababu jina lake ndilo lililochafuliwa hadharani. Shedrack hakuwa wa kabila lile, alilishika jani kwa vidole viwili kama risiti asiyoielewa, akaambiwa maana yake, akalitia kwenye mfuko wa shati. "Himo pia utakuja," alisema. "Wapakiaji walisikia neno, hawakuona jani."

"Nitakuja."

Alivunja la pili, akampelekea dada yake kwa mikono miwili. Isale halikataliwi, hata aliyeuliwa mtoto wake anaweza kulia lakini hawezi kulikataa. Watu walitazama. Aikaeli aliweka mikono yake nyuma.

"Aikaeli," Mzee Aminieli alionya.

"Silikatai. Nasema siyo leo." Alikuwa analia kwa hasira na hakujifuta. "Mtu akinikosea ananiletea isale, ndiyo. Yule mnyama anaelewa isale? Yuko nyumbani amesimama kwa miguu mitatu, na mimi jioni nitamchotea maji, Ndelilio. Nitamchotea wapi?"

Ndelilio aliishusha mikono yenye jani.

"Na hivyo vyeti vingine kumi viko wapi?"

"Majina ninayo. Muhuri nimenyimwa."

"Muhuri ndio uliomtia Shukuru kwenye gunia." Alimpokonya mwandishi wa kituo daftari la maziwa, akageuza nyuma kwenye kurasa tupu, akalibwaga juu ya kifuniko cha pipa. "Andika. Mmoja mmoja, na kijiji, na nini walichouziwa. Isack ana pikipiki, anapeleka leo hii."

"Mimi?" alisema Isack.

"Wewe uliyetema mate. Ndelilio, andika kwa herufi kubwa, usiweke ule mkia wako. Watu wasome."

Ndelilio alilitua jani juu ya ukuta, akavua kofia ya kalamu, na akaanza na jina la kwanza.